Kofia Zenye Pembe

Nianze na kofia zenyewe, maana nikianza na Mwalimu atadhani nimemheshimu.

Kofia zilikuwa mbaya. Nasema hivyo kama mtu ambaye chakula chake hutoka kwenye uzi. Nina kibanda sokoni Kibugu, karibu na kinu cha kusaga mahindi, na ndani yake nina mashine ya mkono ya kufuma sweta za shule. Naujua mshono ulionyooka na mshono uliolewa. Kofia za Mwalimu zilikuwa zimelewa kuanzia ukingoni. Zilianza nyembamba, zikafura katikati, na zilipofika utosini, mahali ambapo mfumaji yeyote mwenye akili hupunguza mishono kidogo kidogo ili kofia ijifunge yenyewe, Mwalimu hakupunguza chochote. Alifuma tu hadi uzi ulipomchosha, kisha akapitisha uzi kwenye mishono yote kwa pamoja na kuikaza kama mtu anayefunga gunia la viazi. Kilichobaki juu kilisimama wima. Pembe.

Kila mtoto aliyezaliwa upande wetu alivaa pembe hiyo. Ukipeleka mtoto kliniki kule Embu mjini, nesi hakuwa na haja ya kuuliza umetoka wapi. Aliangalia kichwa tu. "Huyu ni wa Kibugu," angesema, na akina mama wengine kwenye benchi wangecheka kwa kujificha nyuma ya leso zao. Nilisikia aibu ya biashara. Watu wakijua kwamba kijiji kina fundi wa kufuma, halafu waone vile vichwa, watasema nini?

Mwalimu, mama mzee, alikuwa amestaafu kabla sijaolewa huku. Mimi ni Mmeru wa Kiirua, niliyeletwa Kibugu na ndoa, na yeye hakuchoka kunikumbusha. "Nyinyi watu wa Meru mna hasira," alipenda kuniambia, na kwa kuwa aliniambia hivyo kila nilipokuwa na hasira naye, hakuwahi kukosea. Alifundisha darasa la kwanza miaka mingi kiasi kwamba nusu ya watu wazima wa pale walijifunza kushika penseli mbele yake. Kwa hiyo alituona sote kama watoto wa darasa la kwanza ambao kwa bahati mbaya tumerefuka. Mume wangu Mugendi, mwanamume mwenye ndevu na ng'ombe wawili, akikutana naye njiani alitoa mikono mfukoni.

Alitembea na mwavuli hata jua likiwaka, na hakuufungua hata mvua iliponyesha. Ulikuwa wa kunyooshea watu. Alikuonyesha kwa ncha ya mwavuli, akakuuliza swali, na ukijibu alisahihisha Kiswahili chako kabla ya kusikiliza ulichosema. Siku moja mama mmoja alimkimbilia akilia, "Mwalimu, ng'ombe yangu iko na shida, imeanguka kwa mtaro!" Akamjibu, "Ng'ombe wangu ana shida, ameanguka mtaroni." Ng'ombe aliendelea kulala mtaroni wakati sarufi ikinyooshwa.

Aliishi katikati ya mashamba ya chai, kijani kibichi kuanzia mlangoni pake hadi ukingo wa msitu, na hakunywa chai. Alikunywa maji ya moto. "Hayo majani nayajua," alisema, kana kwamba majani yalikuwa yamewahi kumfanyia kitu. Aliwafundisha akina mama wa kanisa juu ya ulimi, jinsi ulimi unavyoweza kuunguza nyumba, na alifundisha vizuri sana hadi watu walitoka hapo wakiogopa kusalimiana. Halafu alikaa chini, akatoa sindano zake, na kusengenya kijiji kizima bila kufungua mdomo. Nitafika hapo.

Sindano zenyewe hazikuwa pacha. Moja ilikuwa ya mwanzi. Nyingine ilikuwa spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe. Moja nene, moja nyembamba, ndiyo maana mistari ya kofia zake ilikwenda ikipanda na kushuka. Nilipoolewa, nikiwa bado na tabia njema, nilimnunulia jozi nzuri ya chuma. Alinishukuru kwa Kiswahili sanifu. Baada ya wiki kadhaa nilizikuta shambani mwake zimeshikilia miche ya nyanya.

Uzi aliupata kwangu. Mashine huacha vibaki, vijitonge vidogo visivyotosha hata mkono wa sweta, na Mwalimu alikuja kuvichukua. Hakuomba, alichukua. Kwa kuwa mimi hufuma sweta za shule, vibaki vilikuwa maruni, kijani cha majani na bluu iliyoiva, na ndiyo sababu watoto wetu walionekana wamesajiliwa sekondari wakiwa na wiki mbili. Kupima hakupima. "Mtoto hukua," alisema kofia ikiwa kubwa. Ikiwa ndogo alimtazama mtoto kwa jicho la lawama, akasema kichwa hicho hakikutarajiwa.

Na watu walimsifu! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu walimsifu kila Jumapili. Kila mwaka pembe ilirefuka.

Lazima niseme jinsi kofia zilivyotolewa, kwa sababu hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wa jirani na wa kanisa hupanga siku ya kwenda kumwona. Hubeba njahi zilizopikwa, yale maharage meusi ya mama aliyejifungua, chupa za uji, mizigo ya kuni mgongoni, sabuni, leso. Huingia wakiimba. Wakishakula, kila mmoja hutoa alichobeba mbele ya wote. Mwalimu alitoa wa mwisho. Alisimama, nyumba ikanyamaza, akachukua mtoto kwa mkono mmoja, akamvisha kofia, akaivuta hadi kwenye nyusi na kumrudisha kwa mama yake kama anavyorudisha daftari lililosahihishwa. Sijawahi kumwona akibusu mtoto, wala akimwimbia. Mtoto akilia alisema, "Huyo apewe titi," na kukaa chini. Watoto aliwavisha tu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kofia haifumwi kwa siku moja, hasa na mtu mwenye sindano za aina ile. Kwa hiyo Mwalimu alianza mapema. Mapema sana. Wazee wa huku, na wa kwetu Meru pia, hawamwandalii mtoto kitu kabla hajafika. Hununui nguo, huandai kitanda, hata jina hulitaji kwa sauti. Mtoto ni mgeni, na mgeni hawekewi sahani akiwa bado ng'ambo ya mto. Mwalimu aliita hayo ushamba. Alisema msomi hujiandaa. Akiona tu mwanamke ameanza kushika kiuno, alikuja kwangu kuchukua uzi, na Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani kwenye benchi la tatu na kijiduara kidogo mikononi, mwanzo wa kofia.

Kanisa zima lilikijua kile kijiduara. Mhubiri angeweza kuwa katikati ya Yordani, vichwa vilianza kugeuka. Ni nani? Macho yakapita benchi moja baada ya jingine, yakapima viuno, yakahesabu nani aliolewa lini na nani mume wake yuko Nairobi. Kufika sala ya mwisho, mtu alikuwa amepatikana. Kuna wasichana wawili ninaowajua ambao wazazi wao walipata habari kutoka kwenye spoku ile ya baiskeli. Na mwenye sindano amekaa pale, midomo imefungwa, mwanamke asiyesengenya!

Mimi nilipatikana mwaka wa tatu wa ndoa yangu.

Alikuja dukani, akaweka mwavuli juu ya kaunta. "Nataka uzi wa manjano," akasema. "Si kibaki. Leo nanunua kama watu."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata Mugendi alikuwa na siku chache tu tangu ajue. "Wa nini, Mwalimu?" nikauliza, na nilipouliza nilijua. Alinitazama tumboni kama anayesoma ubao, akaondoka na uzi wake.

Jumapili hiyo macho yalinifikia kabla ya sadaka. Mama mkwe wangu alinijia nje ya kanisa, uso umenuna. "Sasa mimi ndio nasikia na sindano?" akaniambia. "Bibi ya kijana yangu ako na mimba na mimi naambiwa na sindano?" Lakini alikuwa na furaha, nami nilikuwa na furaha, na kwa majuma kadhaa nilikuwa mtu mwingine sokoni. Wanawake walinisaidia kubeba maji. Kijiduara cha manjano kilipanda kila Jumapili.

Mwezi wa nne mimba ikatoka.

Sitaki kuandika mengi hapo. Daktari alisema ni mambo ya kizazi, si ya kofia, na mimi si mjinga, ninamwamini. Kuna wanawake waliosema mkono wa Mwalimu ni mzito, kwamba alimwita mgeni kabla ya wakati. Sikusema hivyo na sisemi. Ninachosema ni hiki: kama isingekuwa ile kofia, ningelia na mume wangu peke yetu, mlango umefungwa, na Jumatatu ningefungua duka. Badala yake nililia mbele ya soko. Kila mtu aliyekuja kununua sweta alitazama kwanza tumbo langu, halafu uso wangu, halafu akaanza kuzungumza juu ya bei ya majani ya chai. Wengine walinishika mkono kwa muda mrefu. Nilichukia kushikwa mkono.

Miezi michache baadaye tulienda kumwona mtoto wa jirani yangu, Mama Munene, aliyezaa kijana. Mimi nilibeba uji. Niliimba na wengine. Mwalimu akasimama wa mwisho, akamvisha mtoto kofia ya manjano.

Uzi ukishafumwa na kufumuliwa haurudi kama ulivyokuwa. Hubaki na mikunjo midogo midogo, na hata ukiufua unajikunja tena. Mtu wa kawaida haoni. Mimi niliona kutoka upande wa pili wa nyumba. Uzi wa mtoto wangu ulikuwa kichwani mwa Munene, una pembe juu, na watu wanapiga makofi.

Alipokuja dukani nilimngoja afike kaunta. "Mwalimu, ile kofia ya mtoto wa Mama Munene."

"Ina nini?"

"Ule uzi ni ule wangu."

Alinitazama. Hakuona haya, hakuona huruma, hakuona chochote ninachoweza kukisimulia. "Uzi hauozi, msichana," akasema. "Nipatie vibaki vya maruni."

Uzi hauozi. Huo ulikuwa msemo wake mkubwa. Aliutumia kwa sweta kuukuu, kwa soksi, kwa kamba ya mbuzi. Siku hiyo aliutumia kwangu, na mimi, Mmeru mwenye hasira, nilimpa vibaki vya maruni. Mpaka leo sijui ni kwa nini nilimpa.

Na msichana! Nilikuwa nimeolewa, nina kodi ya kibanda, nina mashine. Lakini kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na mimi nilikuwa sina wa kunipa jina. Wenye adabu waliniita Fundi. Mwalimu aliniita msichana.

Mara ya pili nilivaa sweta pana na kutembea kama kawaida. Hakuhitaji kununua uzi safari hiyo. Alichukua vibaki vya kijani mbele ya macho yangu, na mimi kwa upumbavu nikadhani ni vya mtu mwingine. Jumapili kijiduara kilitokea, macho yakaanza safari yao, na nilijua yatakapoishia kabla hayajafika. Safari hii mimba ilikaa zaidi. Kofia ilikuwa karibu kufika utosini. Nilipotoka hospitali nilikaa nyumbani hadi shule zikafungua na wazazi wakaanza kumtafuta Mugendi kwa sweta za watoto wao. Niliporudi kanisani, Mwalimu alikuwa anafuma kitu cha bluu.

Nilimchukia. Naandika neno hilo bila kulipunguza. Nilimchukia kuanzia mwavuli hadi maji ya moto.

Ya tatu nilijifunza. Nilimwambia Mugendi, nikamwapisha. Nilivaa koti lake la kukamulia ng'ombe, na kwa kuwa ukungu wa msitu huwa unashuka hadi sokoni miezi ile ya baridi, hakuna aliyeuliza. Kanisani nilisema nina kazi nyingi za sweta. Koti liliposhindwa kuficha, nikatangaza kwamba mama yangu kule Kiirua anaumwa, nikapanda gari na kwenda kwake. Mama yangu alikuwa mzima kabisa, analima vitunguu. Alinitazama tu aliponiona nashuka, akasema, "Ingia ndani, upepo wa hapa ni mkali," na hakutaja tena.

Wakati huo wote Mwalimu hakuja dukani. Niliona hilo mapema, kabla hata ya kwenda Kiirua. Gunia la vibaki chini ya kaunta lilijaa, nikaweka la pili. Jumapili, Mugendi aliniambia, mikono ya Mwalimu ilikaa magotini mitupu, na mhubiri alikuwa anamaliza mahubiri yake bila kupotea. Watu walisema ni uzee. Walisema ni baridi yabisi, vidole vimekataa. Mama Munene alijifungua mtoto wa pili katika miezi hiyo, watu wakaenda, wakaimba, na Mwalimu akatoa kipande cha sabuni.

"Hata kofia hakuna?" nilimuuliza Mugendi kwenye simu.

"Hakuna. Watu wanasema mikono imekwisha."

"Mungu ni mwema," nikasema, na nilimaanisha.

Wawira alizaliwa akiwa na sauti ya kuamsha Kiirua nzima. Tulimwita kwa jina la mama yake Mugendi, kama inavyotakiwa kwa msichana wa kwanza, na hilo lilimponya mama mkwe wangu hasira zote za kufichwa. Niliporudi Kibugu naye, akina mama walikuja hadi nyumba ikakosa pa kukanyaga. Njahi, uji, kuni, leso. Nilikaa pale kitandani kama chifu. Waliniita Mama Wawira mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima, na kila mara niliitika kwa sauti.

Mwalimu alisimama wa mwisho. Nyumba ikanyamaza. Akatoa pakiti ya sukari, akaiweka juu ya meza, akakaa.

Nilitakiwa kufurahi. Mtoto wangu hatavaa pembe, hataonekana kituko kliniki, atavaa boshori, kofia safi ya mashine niliyomfumia mwenyewe. Lakini usiku nikiwa namnyonyesha, hasira ilinipanda. Mtoto wa mlevi wa kule bondeni alipata. Munene alipata, tena uzi wangu. Kila kichwa cha Kibugu kilipata, kizuri na kibaya, na kichwa kilichosubiriwa kuliko vyote kilipata sukari!

Wawira alipofikisha miezi mitatu hivi, nilimfunga mgongoni, nikabeba gunia la vibaki kwa mkono, nikapanda hadi kwa Mwalimu. Nilijiambia nampelekea takataka zake. Nilimkuta jikoni kwake, kwenye moto, na kikombe cha maji ya moto.

"Nimekuletea vibaki vyako," nikasema. "Vimejaa dukani. Panya watazalia humo."

"Weka hapo. Leta mtoto."

Nilimfungua Wawira nikampa. Alimweka mapajani, akamvua boshori yangu na kuigeuza ndani nje kama anayetafuta kosa.

"Hii ni ya mashine," akasema.

"Ni nzuri. Imenyooka."

"Imenyooka kama barabara. Barabara haivaliwi."

Nilihisi Umeru wangu ukianza kuchemka. "Watu wanasema mikono yako inauma."

"Watu gani?"

"Wote."

Alinirudishia mtoto, akachukua ukuni mnene kutoka kwenye rundo, akauvunja kwenye goti lake na kuutia motoni. Mikono ile ingeweza kumnyonga mbuzi.

"Basi mbona mtoto wangu hana kofia?" Nilikuwa nimeanza kupaza sauti, na Wawira akaanza kulia, nikaendelea tu. "Munene alipata! Ya uzi wangu! Mimi umenifanyia uchoyo gani? Mimi nimekosa nini kwako, Mwalimu?"

"Mpe titi," akasema.

Nikakaa, nikampa. Mwalimu alikoroga moto ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Mashine yako ilianza kuchelewa asubuhi," akasema. "Mimi hupita pale nikienda kuchukua maziwa. Nikaona siisikii. Siku nyingine naisikia, inanyamaza, halafu nakusikia wewe nyuma ya kibanda. Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote, msichana. Najua sauti ya mtu anayetapika na hataki watu wajue."

Miezi yote ile ya koti na uongo na vitunguu vya Kiirua, na alikuwa anajua tangu juma la kwanza.

"Nikaweka sindano juu ya kabati," akaendelea. "Ningezishika, hata kwa mtoto wa nani, kanisa lote lingeanza kutafuta tumbo. Na la kwanza kutafutwa ni lako."

"Lakini Mama Munene... Mtoto wake wa pili amekaa bila kofia."

"Ana nywele."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Mtu akijificha humwiti kwa jina." Kisha akaninyooshea kidole, kwa kuwa mwavuli ulikuwa mbali. "Na usinishukuru. Sikukufanyia wewe. Ile ya pili ilikuwa imefika hapa." Aligusa utosi wake mwenyewe, kwenye kitambaa. "Ilibaki kukaza tu. Nilichoka kufumua."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayosahihishia watu Kiswahili. Mimi ndiye niliyelia. Nilidhani mambo hayo mawili nimeyabeba peke yangu na mume wangu, na kumbe kuna mtu aliyekaa jikoni humu, mara mbili, akivuta uzi mstari mmoja baada ya mwingine hadi hakuna kofia. Sikumpenda zaidi. Lakini nililia, na hakunishika mkono, na kwa hilo nilimshukuru kimoyomoyo bila ruhusa yake.

Nilipomaliza, alisimama, akatoa juu ya kabati ule mwanzi na ile spoku, akapangusa vumbi kwenye rinda.

"Rangi gani?" akauliza.

Kiondo chake kilikuwa pembeni ya kabati, mkanda mmoja umekatika. Chini kabisa niliona tonge la uzi wa kijani, limefungwa kwa kukazwa, limejaa mikunjo midogo midogo. Hakuwa amelitumia kwa mtoto yeyote. Nilimwonyesha kwa kidevu.

"Ule."

"Huo umefumuliwa," akasema.

"Uzi hauozi. Si ndivyo unavyosema?"

Alikata kipande cha uzi, akamzungushia Wawira kichwani, juu ya masikio, akashika kwa vidole pale ncha zilipokutana. Watu wa Kibugu nikiwaambia kwamba Mwalimu alipima, hawaniamini. Halafu akakaa na kuanza, sindano nene, sindano nyembamba, mistari ikipanda na kushuka. Nilikaa hadi ng'ombe wakarudi. Siku iliyofuata nilipanda tena, na iliyofuata. Alipofika utosini mkono wangu ulinyooka wenyewe. "Punguza hapo, Mwalimu. Mshono mmoja, uruke, mshono mmoja." Alinipiga mkono kwa spoku.

"Fuma za mashine yako," akasema, akapitisha uzi kwenye mishono yote, akaikaza, na pembe ikasimama.

Mwaka huu wanawe walimchukua, akaishi nao mjini, na aliponiaga aliniita msichana. Watoto wanaozaliwa siku hizi wanavaa boshori za sokoni, nyingine zimetoka kwangu, zimenyooka zote. Ile ya Wawira ilikuwa kubwa, pamoja na kupimwa. Ni kofia mbaya kuliko zote alizowahi kufuma, nasema hivyo kama fundi. Ilipoisha tu nilimvisha nikampeleka kliniki Embu, tukakaa kwenye benchi na akina mama wengine, na zamu yetu ilipofika nesi hakuniuliza tumetoka wapi.

"Huyu ni wa Kibugu," akasema.

"Eeh," nikamjibu, nikaivuta kofia imfunike masikio. "Ni wa Kibugu."